Kona Arobaini za Keshokutwa

Baiskeli ilikuwa imening'inia kwenye dari la karakana kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo haikuwahi kugusa ardhi isipokuwa siku za kubadilishiwa tairi. Tairi zenyewe zilibadilishwa mara nne. Hazikuisha kwa kutembea, ziliisha kwa kusubiri, maana mpira ukikaa bila kazi hupasuka ngozi kama kisigino kisichoona mafuta. Kila mwisho wa mwezi mwenye baiskeli, fundi wa mtaa ule, alipanda ngazi, akaijaza upepo, akaipaka grisi, akafuta vumbi njiti moja baada ya nyingine, kisha akashuka na kusema, "Keshokutwa."

Maana yake alikuwa anaondoka. Alikuwa anakwenda kuvuka nchi nzima kwa baiskeli, peke yake, kutoka mpaka wa huku hadi mpaka wa kule, kilomita elfu moja na mia tatu na ushee. Mwaka wa kwanza mtaa ulimsubiri. Wa pili ukamsubiri pia. Wa tatu ukachoka, ukambandika jina. Tangu hapo akawa ni Keshokutwa, hata kwa watoto wake mwenyewe akiwapa kisogo.

Msimdharau lakini. Njia aliijua kuliko waliowahi kuipita. Ukuta mzima wa karakana, kuanzia mlangoni hadi dirishani, ulikuwa umebandikwa karatasi za kalenda kuukuu zilizogeuzwa upande mweupe, na juu yake amechora barabara yote kwa kalamu. Dereva yeyote wa lori aliyesimama kuomba maji ya kunywa alihojiwa kama mshitakiwa: baada ya daraja kuna nini? Kivuli kipo? Mbwa je? Na kila jibu lilipanda ukutani. Mahali pamoja, karibu na mlango, aliandika kwa wino mwekundu: MTEREMKO. KONA 40. HAPA SHUKA, SUKUMA.

Basi siku moja, Ijumaa, akaingia shemeji yake.

Huyu shemeji ni mdogo wa mkewe, muuguzi wa zahanati, ambaye kwa miaka thelathini alizunguka vijiji kwa baiskeli akichanja watoto. Walimwita Bi Sindano, na wapo wanaume wazima wenye ndevu ambao hadi leo wakimwona hushika mkono wa kushoto. Alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Aliingia akisukuma baiskeli yake nyeusi, ile ya kufunga breki kwa kukanyaga pedali nyuma. Breki za mkono alishaziacha zamani, vidole vyake vimekakamaa kwa kubonyeza mabomba ya sindano.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Karibu. Pancha?"

"Pancha ningeziba mwenyewe. Nataka uikague yote, juu na chini. Jumatatu naondoka."

"Unakwenda wapi?"

Bi Sindano akanyoosha kidole ukutani. "Pale."

"Pale wapi?"

"Pale pote. Naanzia mlangoni, naishia dirishani."

Keshokutwa akacheka. Akacheka tena, maana kicheko cha kwanza hakikutoka vizuri. Kwenye karakana ya pili, Mzee Bati, mtengeneza ndoo na mabirika, alisimamisha nyundo hewani.

"Keshokutwa!" akapaza sauti kutoka upande wa pili wa ukuta. "Nimesikia sawa? Umepokonywa mchumba?"

"Gonga bati zako wewe!"

Bi Sindano hakuwajali. Alivuta kigoda, akatoa daftari la shule lenye mistari, akavaa miwani, akaanza kunakili ukuta. Alinakili visima, alinakili vivuli, alinakili mbwa.

"Njia umeipanga vizuri, shemeji," alisema bila kugeuka. "Sioni sababu ya kupanga nyingine. Ya nini kujisumbua wakati mtu ameshasumbuka?"

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo ilipouma. Angesema kwa ubaya, Keshokutwa angepata pa kushika. Sasa alibaki amesimama na spana mkononi, akitazama penseli ya shemeji yake ikila barabara yake kipande kwa kipande. Miaka ishirini na sita. Na yeye kaja Ijumaa, anaondoka Jumatatu, kama mtu anayekwenda kununua vitunguu.

Jumamosi na Jumapili alifanya kazi, na hapa lazima nimpe haki yake: aliifanya vizuri. Mkono wa fundi una kiburi chake, haukubali kufanya ovyo hata kama mwenye mkono amenuna. Alinyoosha magurudumu mpaka yakazunguka bila kuyumba hata unene wa ukucha. Alibadilisha gololi, akatia grisi mpya, akakaza karia, akainua kiti nusu inchi bila kuulizwa kwa kuwa alishaona jinsi shemeji yake anavyokunja goti. Na wakati wote huo watu hawakuisha mlangoni. Msusi wa ng'ambo ya barabara alileta kofia ya jua. Mwalimu mstaafu alileta tochi. Mzee Bati, yule yule mchekaji, alimfulia Bi Sindano kikombe cha bati chenye mkono wa kukunjwa, kizuri, kinang'aa.

"Mimi hukunifulia kikombe," alisema Keshokutwa.

"Wewe cha kwako kitakuwa tayari keshokutwa," alijibu Mzee Bati, na mtaa ukaangua kicheko.

Kazi ya mwisho ilikuwa cheni. Alikuwa ameitoa kuiosha kwa mafuta ya taa, sasa anairudisha. Cheni ya baiskeli ina kiungo kimoja cha kufungulia, na kiungo hicho hushikwa na kibanio kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita samaki, kwa kuwa kina kichwa cha mviringo na mkia uliopasuka. Samaki huwekwa kichwa mbele, kule cheni inakokimbilia. Ukimweka mkia mbele, atakwenda, naam, atakwenda kilomita kadhaa, halafu siku moja mkia utakwaruza mahali, samaki ataruka, na cheni itabaki barabarani kama nyoka aliyekufa. Hili Keshokutwa amewafundisha watu wengi mno. Kila aliyewahi kukaa kwenye kigoda chake amefundishwa samaki, atake asitake.

Jumapili hiyo, jua linaelekea kushuka, nje wakimcheka mara ya tatu, mkono wake ulimshika samaki kwa koleo na kumbana mkia mbele.

Alimwona. Tusidanganyane, alimwona. Alimtazama kwa muda wa pumzi mbili, kisha akaondoka kwenda kutafuta kitambaa, na alipokipata hakurudi kwenye cheni. Alifuta kengele.

Hesabu yake ilikuwa fupi. Cheni itakatika huko mbele, shemeji atachoka na kukaa kando ya barabara, atarudi nyumbani juu ya lori la mkaa, na mtaa utakuwa na watu wawili wa kuwacheka badala ya mmoja. Basi. Iliishia hapo. Breki hakuifikiria. Fundi wa miaka thelathini aliiona cheni kama kitu cha kwendea tu, akasahau kuwa kwenye baiskeli ile ndiyo pia kitu cha kusimamia. Wivu ulikuwa umemketia kwenye macho.

Jumatatu Bi Sindano aliondoka. Mtaa mzima ulitoka. Mkewe Keshokutwa alilia na kucheka kwa pamoja, akamsukuma mdogo wake mgongoni hatua kumi kama anayefundisha mtoto. Keshokutwa alisimama mlangoni mikono kifuani, akasema, "Kanyaga taratibu," na sauti yake mwenyewe ikamshangaza.

Kulikuwa na mpango wa simu. Bi Sindano alikuwa akiizima siku nzima kutunza chaji, akiiwasha saa nne asubuhi tu kumpigia dada yake. Na dada mtu, kwa kuwa hakutaka kurudia habari moja mara hamsini, aliileta simu karakanani, akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua spika. Watu walijaa. Keshokutwa alijifanya ana gurudumu la kunyoosha.

"Nimefika kwenye zahanati yangu ya kwanza ya zamani," ilisema ndoo Jumatatu hiyo hiyo. "Wamenipokea utadhani nimekuja na chanjo. Mmoja amekimbia."

Vicheko.

Jumanne: "Daraja nimeliona! Shemeji yupo? Shemeji, umeandika daraja la mbao. Siku hizi la chuma. Nimekurekebishia kwa penseli."

"Amekurekebishia," Mzee Bati alirudia, asije mtu akakosa kusikia.

"Asante," Keshokutwa aliiambia ndoo. Njiti ya gurudumu ikakatika mkononi mwake.

Alikula kidogo siku hiyo. Akilini alimwona shemeji yake akiwa juu ya lile daraja la chuma, amesimama, anakunywa maji kwa kile kikombe, upepo unampepea kofia. Alimwonea wivu mpaka ule upepo. Hata vumbi la miguuni mwake alilionea wivu. Mkewe alimtazama akizungusha tonge sahanini.

"Mume wangu, umekuwa mweusi usoni kama umepuliza jiko. Kama unataka kwenda, si uende? Nani amekufunga?"

"Sijasema nataka kwenda."

"Umesema miaka ishirini na sita."

Jumatano simu iliwahi dakika tano.

"Dada, niko juu! Juu kabisa, hapa barabara inaponing'inia. Mawingu yako chini yangu, nakwambia, chini, kama nimeyaanika. Kuna mama ana nyumba ya wageni, nimechukua chumba, leo napumzisha magoti. Kesho asubuhi saa moja nateremka zile kona arobaini kabla malori hayajaanza. Nitawapigia nikiwa chini."

"Shemeji yako ameandika usukume!" mkewe alipaza sauti.

"Nimeona. Lakini mteremko wa bure, dada, nani ausukume? Nitakaa juu nikanyage breki polepole. Ila shemeji, sikiliza, cheni inaimba kidogo. Tii, tii, tii. Ni kawaida?"

Watu wote walimgeukia Keshokutwa. Msusi, Mzee Bati, mwalimu, mkewe. Mdomo ulifunguka. Alichotakiwa kusema ni maneno manne: tazama samaki, nilimweka kinyume. Watoto wa chekechea wangeyaweza.

"Itazoea," alisema.

"Haya. Nazima, chaji inaisha. Kesho!"

Simu ikakatika, na palepale breki ikamjia. Ilimjia yote kwa mpigo: mguu wa shemeji ukikanyaga nyuma kwenye kona ya kumi, pedali ikizunguka tupu, na upande wa kushoto hakuna kitu isipokuwa yale mawingu yaliyoanikwa. Akanyakua simu, akapiga. Imezimwa. Akapiga tena. Akapiga mara tisa.

"Unataka nini kwake?" mkewe akauliza.

"Kumsalimia."

Basi la upande ule hupita alfajiri tu, na la kesho lingefika huko mchana. Kilomita tisini na nne. Aliijua namba ile bila kutazama ukutani. Watu wakimwangalia, akavuta ngazi.

Mtaa haujasahau siku ile. Alipanda, akafungua kamba, akaishusha baiskeli begani kama mtu anayemtoa maiti kisimani. Akaiweka chini. Akaitikisa. Akaitoa nje, akapanda, akaondoka na aproni yake ya grisi, bila maji, bila kofia, bila kuaga.

"Keshokutwa imefika leo!" alipiga kelele Mzee Bati, lakini hakucheka sana. Alibaki ameshika ndoo isiyo na kitako, akimtazama mpaka akapinda kona.

Safari aliyoiota miaka yote hakuiona. Daraja la chuma alilipita akiwa ameinamisha kichwa. Kivuli alichokichora kwa mkono wake hakupumzika chini yake, mbwa aliowaandika walimkimbiza naye hakukumbuka kuwa aliwaandika. Jioni mapaja yalikuwa yamekuwa magogo. Alilala kwenye benchi la kiwanda cha mbao, mlinzi akamfunika gunia, na kulipopambazuka alikuwa tena juu ya baiskeli, mara anapanda, mara anasukuma.

Alifika juu saa moja na robo. Mama wa nyumba ya wageni alikuwa anafagia kibaraza.

"Muuguzi mwenye kofia ya jua? Ameshateremka, baba. Sasa hivi tu. Aliniachia dawa ya mgongo."

Keshokutwa hakushuka, hakusukuma. Yeye mwenyewe aliyeandika kwa wino mwekundu alijirusha mteremkoni akilia kwa sauti, machozi yakielekea masikioni kwa upepo. Kila kona alichungulia ng'ambo ya ukingo akitafuta kofia. Kona ya kwanza, majani. Ya tano, mbuzi. Ya kumi na mbili kulikuwa na kitu cheupe chini kwenye mawe, akafunga breki, kumbe mfuko wa saruji. Alihesabu kwa sauti ili asifikiri. Alipofika thelathini na saba barabara ikanyooka, na hakukuwa na kona nyingine.

Bi Sindano alikuwa amekaa juu ya jiwe la kilomita, amenyoosha miguu, anakunywa chai ya chupa kwa kikombe cha Mzee Bati.

"Thelathini na saba," alisema. "Ulikosea tatu. Madereva walikuongezea chumvi."

Keshokutwa aliangusha baiskeli yake, akapiga magoti, lakini si kwa shemeji. Kwa cheni. Aliizungusha kwa kidole mpaka akamwona samaki. Kichwa mbele, mkia nyuma, ameketi sawasawa.

Akakaa chini kwenye vumbi.

"Nilimgeuza Jumatatu," Bi Sindano alisema, "pale kwenye bomba la maji, hata mtaa haujaisha. Miaka thelathini sijamchoma mtu sindano bila kuitazama kwanza, hata ikifungwa na nani. Na samaki nilifundishwa na nani?"

"Na mimi."

"Mara ngapi?"

"Nyingi."

"Nyingi mpaka nilikuwa nataka kuhama nchi."

"Mbona hukurudi ukanitukana?"

"Nilitaka nione utakaa naye tumboni siku ngapi. Nilikisia tano. Umenishinda, shemeji, umemtapika kwa tatu."

"Na ile cheni kuimba?"

"Cheni ilikuwa kimya kama msikilizaji. Niliimba mimi."

Hapo Keshokutwa angependa kukasirika, ila alikosa mahali pa kuanzia. Alipangusa uso kwa aproni, ukazidi kuwa mweusi. Akatazama mbele. Barabara ilikwenda moja kwa moja katikati ya mashamba, nyeupe, bila mtu, ile ile aliyoichora kati ya mlango na rafu ya mipira, na ilikuwa nzuri kuliko alivyoichora.

"Shemeji," alisema, "twende wote. Nimeshafika hapa."

"Hapana."

"Nitakaa nyuma."

"Mimi nasafiri peke yangu. Hukuandika wawili ukutani, uliandika peke yako, nami nimenakili." Akamtazama juu ya miwani. "Halafu mtu aliyenigeuzia samaki akae nyuma yangu? Nitakuwa nageuka kila mara, shingo itapinda. Rudi, ukaoshe mikono, halafu uanzie mlangoni kama watu."

Akatoa simu. Walikaa pale wakisubiri wakati wake ufike, wakipokezana kikombe. Saa nne ilipotimia aliiwasha, akampa.

"Leo saa nne ni yako. Sema mwenyewe, kabla sijasema mimi. Mimi nitachekesha sana."

Iliita mara moja.

"Mdogo wangu! Umefika chini? Yule mtu ameondoka jana hata maji hakubeba, tumekaa hapa roho mkononi!"

"Ni mimi," alisema Keshokutwa.

Kule karakanani simu ilikuwa juu ya ndoo, spika wazi. Aliisikia nyundo ya Mzee Bati ikiwekwa chini taratibu. Akasema. Alisema samaki, alisema Jumapili, alisema "kwa wivu," akataja neno lenyewe, na lilitoka gumu kama gololi. Alisema hakufikiria breki. Alisema amemkuta mzima, na kwamba uzima wake si kwa wema wa mtu mwingine yeyote isipokuwa macho yake mwenyewe.

"Na wewe?" mkewe akauliza. "Umeteremka kona zote hizo?"

"Zote. Ziko thelathini na saba."

"Hukusukuma?"

"Hata moja."

"Umevunjika popote?"

"Hapana."

"Haya. Basi panda uje huku nikuvunje mimi."

Na nyuma ya sauti yake, mbali kidogo na simu, Mzee Bati alisikika akisema, si kwa kuchekesha hata kidogo, "Thelathini na saba! Ana bahati mshenzi huyu."

Bi Sindano alikunja mkono wa kikombe, akapanda, akaondoka. Keshokutwa alimtazama mgongo. Akawa mdogo, kisha kofia tu, kisha doa kwenye barabara yake. Aliuma mdomo mpaka doa likaisha. Ilimuuma vilevile kama Ijumaa ile, labda na zaidi, maana sasa alijua kilichopo huko.

Kisha akageuza baiskeli na kuanza kupanda. Kona ya kwanza alikanyaga, ya pili alikanyaga amesimama, ya tatu akashuka akasukuma. Kupanda hakukuwemo ukutani, hakuwahi kumuuliza dereva yeyote habari za kupanda. Kwenye kona ya tano lori tupu likapunguza mwendo kando yake, na dereva akatoa kichwa.

"Mzee, utakufa! Tupia baiskeli nyuma nikupandishe mpaka juu!"

Keshokutwa alifuta jasho, akalitazama lile lori, akatazama kona thelathini na mbili zilizobaki zimejikunja juu ya kichwa chake.

"Asante, mwanangu," alisema. "Keshokutwa."

Akasukuma.